Mwenzio anaficha kipato? Mwongozo kamili wa kukitafuta na kukithibitisha kwenye kesi ya talaka na matunzo

Kuna kauntabuku moja ya kwaya mbili siisahau. Jalada limechakaa, kurasa zina madoa ya oili, na kila ukurasa umepigwa mistari kwa kalamu ya bluu: tarehe, alafu B1, B2, B3. Chini ya B1 kaandikwa 20, chini ya B2 20, chini ya B3 15, na pembeni ya ile 15 kuna neno dogo, "plagi". Mama mmoja alituletea ofisini akiwa ameifunga kwenye kanga. Mume wake alikuwa ameshaiambia mahakama kwamba yeye ni kibarua, siku akipata anapata elfu kumi, siku nyingine anarudi mikono mitupu, kwahiyo matunzo ya watoto watatu hawezi kutoa zaidi ya elfu thelathini kwa mwezi. B1, B2 na B3 zilikuwa bajaji. Hesabu elfu ishirini kila moja kwa siku, weka siku 26 za kazi, hiyo ni milioni moja laki tano na elfu sitini kwa mwezi kabla ya gereji. Kadi za bajaji zote zilikuwa na jina la mdogo wake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, nimekaa na akina mama (na akina baba pia, kuna wake wanaoficha vilevile) kwa miaka, na kesi za namna hii ndo zinazoniuma kuliko zote kwa sababu mtu anakosa haki yake sio kwa kuwa sheria haipo bali kwa kuwa alienda mahakamani na maneno matupu, "mheshimiwa huyu ana hela", hakimu anauliza una ushahidi gani, kimya. Basi kitu cha kushika tangu mwanzo ni hiki: usihangaike kuzikamata hela zenyewe, tafuta alama zinazoachwa na hizo hela. Hela inaweza kulala kwa jina la shemeji, lakini ada imelipwa, saruji imenunuliwa, mafuta yamewekwa, mkopo umeombwa, na kila moja ya hayo kuna karatasi au mtu aliyeona.

Ninayoandika hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar utaratibu ni mwingine, ndoa za kiislamu huko zinaenda Mahakama ya Kadhi.

Jua unadai nini, maana ushahidi unatofautiana

Watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna mgawanyo wa mali za ndoa, kuna matunzo ya mwenza, na kuna matunzo ya watoto.

Mali zinagawanywa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, na neno kubwa pale ni nguvu za pamoja. Mahakama inaangalia kila mmoja amechangia nini kwa hela, mali au kazi, inaangalia madeni yaliyoingiwa kwa faida ya familia, mila za jamii yenu na mahitaji ya watoto. Kuhusu kazi za nyumbani, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Ila soma kesi ile mpaka mwisho, maana wengi wanaitaja nusu: kanuni ilipita lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, mahakama iliona mume alishampa hela za kuanzisha mradi wa familia na yeye akazitumia vibaya. Maana yake na wewe hesabu zako zitaangaliwa. Ukiwa na vikoba au kibanda chako, usikifiche wakati unamshitaki mwenzio kwa kuficha.

Matunzo ya mwenza yanapimwa kwa uwezo wa anayetakiwa kutoa na mahitaji ya anayeomba. Kwa kawaida ni mume kumtunza mke, mke naye anaweza kuamriwa amtunze mume kama mume hajiwezi kwa ugonjwa au ulemavu. Matunzo ya watoto yako kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, hapo mahakama inaangalia kipato na utajiri wa wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Angalia vizuri hilo neno utajiri. Mtu anaweza kusema hana mshahara lakini ana viwanja vinne, na hivo viwanja vinahesabika.

Kwahiyo kwenye mali unathibitisha kitu kipo na kilipatikanaje. Kwenye matunzo unathibitisha mtu anaingiza nini kwa mwezi. Daftari la hesabu linakusaidia zaidi kwenye matunzo, karatasi ya mauziano ya kiwanja inakusaidia zaidi kwenye mali.

Kusanya kabla hujafungua mdomo

Siku utakayotamka neno talaka ndo siku karatasi zitaanza kuhama nyumba. Nimeona mtu anatishia leo, kesho asubuhi begi la nyaraka limeshaenda kwa mama mkwe. Kwahiyo kama bado mnaishi pamoja na hali ni ya usalama, kusanya kimya kimya. Piga picha kila karatasi iliyopo ndani: hati ya nyumba, barua ya toleo ya kiwanja, mauziano ya serikali ya mtaa, kadi za pikipiki na gari (mbele na nyuma), leseni ya biashara, makadirio ya TRA, mkataba wa fremu, risiti za vifaa vya ujenzi, salary slip, kadi ya SACCOS, mikataba ya wapangaji. Picha ioneshe karatasi nzima, jina, tarehe, muhuri na sahihi visikatwe. Alafu zitume kwa mtu unayemwamini awe nazo kwenye simu yake, sio zikae kwako peke yake, simu inavunjwa.

Andika pia daftari lako mwenyewe. Tarehe, alichonunua, alicholipa, umejuaje. "Tarehe 4 mafundi wanne walikuwa site ya Chamazi, lori la mchanga lilishusha mara mbili, fundi mkuu nimemuona akilipwa mkononi." Jambo lililoandikwa siku lilipotokea lina uzito kuliko la kukumbuka mbele ya hakimu miaka miwili baadae, na hata kama daftari lenyewe halitapokelewa, litakusaidia kusimama bila kubabaika.

Hapa kuna mpaka, na nakuomba sana usiuvuke. Usiingie kwenye akaunti yake ya benki kwa namba ya siri uliyoiba, usifungue barua pepe yake, usijitumie meseji zake za M-Pesa wakati amelala. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai, unaweza ukajikuta we ndo mshitakiwa na kesi yako ya msingi ikapoa. Karatasi iliyopo kabatini kwenu ni kitu kimoja, akaunti yake ni kitu kingine. Vya akaunti tutaviomba kwa mlango wa mahakama, nitaeleza.

Na kama mwenzio ana tabia ya kupiga, acha upekuzi wote. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, usalama wako kwanza, karatasi nyingi zina nakala mahali pengine.

Kila kazi ina mahali pake pa kutazama

*Mwajiriwa.* Watu wanadhani huyu hana cha kuficha, kumbe anaficha kwa njia ya makato. Analeta salary slip inasomeka mshahara laki tisa, mkononi laki mbili na themanini, anasema mheshimiwa hii ndo hali yangu. Usiangalie mstari wa chini, soma katikati. PAYE (kodi ya mshahara) na mfuko wa hifadhi ya jamii hayo ni ya lazima, sawa. Lakini akiba ya SACCOS laki mbili kila mwezi sio umaskini, ni hela yake imekaa mahali pengine! Mkopo wa benki unaokatwa laki mbili nao uliza ulifanya nini, mara nyingi ndo uliojenga ile nyumba anayosema sio yake. Alafu kuna vitu visivyokaa kwenye slip: posho za safari, overtime, kamisheni, kazi ya pili ya jioni. Slip moja haitoshi, omba ya miezi 12 mfululizo, maana kuna waajiriwa wanaoongeza akiba mara tu wakipata wito wa mahakama.

*Mwenye bodaboda, bajaji, daladala.* Neno ni hesabu. Dereva anapeleka kwa nani, kiasi gani, kwa mkono au kwa simu. Dereva aliyeacha kazi ni shahidi mzuri kuliko aliyepo, aliyepo anaogopa kunyang'anywa chombo. Angalia na nani anayelipia gereji, bima na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini). Kadi inaweza kuwa ya mdogo mtu, lakini plagi ikiungua anapigiwa nani simu?

*Mwenye duka, mgahawa, wakala.* Usibishane naye mauzo, atakuambia biashara ngumu. Hesabu mzigo anaoingiza. Mtu anayeshusha kreti 60 za soda kwa wiki anaziuza, asingerudi kuchukua nyingine. Muuza jumla ana madaftari na risiti za EFD. Kama analipwa kwa lipa namba, kuna kumbukumbu kwenye kampuni ya simu. Wakala naye kamisheni yake inaingia kila mwezi na inaonekana.

*Mwenye nyumba za kupangisha.* Hii ndo rahisi kuliko zote na sijui kwanini watu wanaiacha. Vyumba sita, elfu 60 kila kimoja, hiyo ni laki tatu na sitini kwa mwezi, na kwa kuwa watu wanalipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kuna siku ameshika milioni mbili mkononi. Wapangaji wanajua wanamlipa nani. Mita ya LUKU imesajiliwa kwa jina la mtu. Mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wanajua nani alijenga.

*Mkulima.* Kama ni korosho, kahawa, pamba au tumbaku, nenda kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kilo alizopeleka zimeandikwa, na malipo mara nyingi yamepita kwenye akaunti. Mkulima wa korosho anaweza kusema mbele ya hakimu mwezi wa tano kwamba hana kitu, na kweli mwezi wa tano hana, lakini msimu wa Oktoba alilipwa. Omba kipato kihesabiwe kwa mwaka mzima kigawanywe kwa 12.

Alafu kuna chanzo kimoja kwa wote, na mi nakiona ni dhahabu: maombi ya mkopo. Mtu yuleyule anayelia mbele ya hakimu kwamba hana kitu, miezi nane iliyopita alikaa mbele ya afisa mikopo akaorodhesha kila alichonacho, biashara, vyumba, mashamba, mapato kwa mwezi, akasaini, akaambatanisha na picha za duka. Alitaka aonekane anaweza kulipa. Kama unajua alikopa wapi, hiyo fomu ndo ya kwanza kuiomba. Na kama aliweka nyumba ya familia dhamana, benki ilitakiwa ipate ridhaa yako kama mwenza, kwahiyo kumbuka kama uliwahi kuitwa ukasaini kitu bila kusoma.

Vya wazi ambavyo huhitaji ruhusa ya mtu: kampuni na majina ya biashara unaweza kuyatafuta BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na ukilipia unapata taarifa za wamiliki na wakurugenzi. Kiwanja chenye hati unaomba upekuzi ofisi ya msajili wa hati, ukiwa na namba ya hati au ya kitalu. Kisichopimwa unaenda serikali ya mtaa au kijiji, huko mauziano yanashuhudiwa na viongozi na majirani wa mipaka.

Piga hesabu ya maisha

Hii ndo silaha ya mtu asiye na karatasi. Chukua karatasi moja, upande mmoja andika anachosema anapata, upande wa pili andika familia ilivyokuwa inaishi kabla ya ugomvi.

Mfano anasema anapata laki nne na nusu. Sasa watoto wawili wako shule ya kulipia, ada milioni moja laki nane kila mmoja kwa mwaka, jumla milioni tatu laki sita, gawanya kwa 12 ni laki tatu kila mwezi. Kodi ya nyumba laki mbili na nusu. Mafuta ya gari elfu kumi kwa siku, siku 26, laki mbili na elfu sitini. Umeshafika laki nane na elfu kumi na hamjala, hamjavaa, hakuna aliyeumwa. Na alikuwa halipi kwa mkopo, alikuwa analipa yeye. Basi ama alikuwa anaiba ama anapata zaidi ya laki nne na nusu, achague mwenyewe mbele ya mheshimiwa.

Kila mstari uwe na kitu cha kuushika: risiti ya ada (shule itakupa nakala, wewe ni mzazi), mkataba wa nyumba, meseji ya malipo iliyokuja kwenye simu yako. Usiongeze chumvi hata kidogo. Ukiweka mstari mmoja wa uongo, wakili wake ataushika huo huo na kuucheza mpaka mengine yote yaonekane ya kutunga.

Baraza kwanza, alafu mahakama

Kesi ya talaka haiendi mahakamani moja kwa moja, lazima ipite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata, au la dini yenu, kwa waislamu BAKWATA. Wakishindwa kuwasuluhisha wanatoa hati, ile fomu namba 3, na ukae nayo macho: isiwe imepita miezi sita siku unafungua shauri. Nimeshaona mtu amekusanya ushahidi safi kabisa, shauri likatupwa kwa sababu ya hati iliyozeeka. Kuna hali sheria inasamehe kupita baraza, kwa mfano mwenzio amekutelekeza na hujui alipo, ila usijiamulie mwenyewe, uliza kwanza.

Kwenye baraza usimwage ushahidi wako wote mezani. Sisemi udanganye wazee, sema ukweli, lakini kauntabuku ibaki nyumbani. Na sikiliza anachosema yeye, watu wakiwa kwenye baraza wanajisifu, "mimi nimemjengea nyumba, nimemnunulia kiwanja Kigamboni", mbele ya wazee watano. Akija mahakamani akakana kiwanja, una watu wa kuwaita.

Kama shida ni matunzo ya watoto tu na hutaki talaka, hauhitaji haya yote. Anza ustawi wa jamii, wakishindwa unaenda mahakama ya watoto. Kwa talaka unaweza kufungua mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au hata Mahakama Kuu, zote zina mamlaka. Kwa Dar kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, ngazi zote ziko sehemu moja. Ushauri wangu: kama mali ni chache na zinajulikana, mahakama ya mwanzo inatosha na ni nafuu. Kama kuna kampuni, akaunti kadhaa na mali kwa majina ya watu, nenda wilaya, kule taratibu za kudai nyaraka zimeandikwa kwa kirefu na wakili wako ana nafasi ya kuzitumia. Hela ya wakili ikikosekana kuna mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC, LHRC na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaada wao ni bure.

Siku unafungua shauri, omba papo hapo matunzo ya muda. Kesi inaweza kuchukua mwaka na watoto wanakula leo, sheria inaruhusu amri ya matunzo wakati shauri linaendelea.

Mwombe hakimu akufungulie milango

Benki haitakupa stetimenti ya mtu, kampuni ya simu haitakupa miamala yake, na hawakosei, ndo wajibu wao. Mahakama ikiita wanaleta. Kosa la watu wengi ni kuomba kwa ujumla, "naomba taarifa zake zote za benki", hakimu anauliza benki ipi, hujui, ombi linaanguka. Omba hivi:

"Naiomba mahakama itoe wito kwa meneja wa benki fulani, tawi la Mbagala, afike na taarifa ya akaunti yenye jina la mjibu maombi kuanzia Januari 2023 hadi Desemba 2024, pamoja na fomu ya maombi ya mkopo alioupata mwezi Machi 2023. Sababu: mjibu maombi ameeleza kuwa hana biashara, na mkopo huo ulitolewa kwa biashara."

Umeona? Nani, nini, kipindi gani, kwanini. Namba ya akaunti ukiwa nayo weka, inapatikana kwenye risiti za zamani za kuweka hela. Ombi la namna hiyohiyo unaweza kulielekeza kwa mwajiri, kampuni ya simu, SACCOS, AMCOS, shule. Kwenye mahakama ya wilaya unaweza pia kuomba kibali cha kumuuliza maswali ya maandishi ambayo atayajibu kwa kiapo, na kumtaka aoneshe nyaraka alizonazo. Majibu ya kiapo ni mazuri kwa sababu mtu hawezi kuyageuza baadae bila kuonekana muongo.

Na akikataa kuleta karatasi ambayo kila mtu anajua anayo, mwombe hakimu alizingatie hilo, mahakama inaruhusiwa kuona kwamba anaficha kwa sababu ingemuumiza.

Skrinshoti na meseji zinapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeziruhusu, ila utatakiwa kueleza zilitoka simu gani, nani alizitunza, zilichapwaje, na mara nyingi kwa kiapo. Usifute meseji kwenye simu baada ya kuchapa.

Mali kwa jina la ndugu, na anayeanza kuuza

Sheria inaanza kwa kudhani kwamba mali yenye jina la mwanandoa mmoja ni yake, lakini dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Ya jina la shemeji ni ngumu zaidi, na hakimu hawezi kugawa mali ya mtu ambaye hajasikilizwa, kwahiyo aunganishwe kwenye shauri au aitwe. Maswali ya kumuuliza ni ya kawaida tu. Alinunua kwa shilingi ngapi, hela alipata wapi, nani alikuwa shahidi, kodi anapokea nani. Kijana wa miaka 21 asiye na kazi mwenye nyumba ya vyumba nane ana maelezo ya kutoa.

Nyumba mnayoishi mwenzio hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako, kifungu cha 59. Ukisikia harufu ya mnunuzi, usisubiri: weka zuio kwa msajili wa hati, peleka barua serikali ya mtaa wajue kuna shauri, na omba mahakamani amri ya kuzuia. Kama ameshauza au "amempa zawadi" kaka yake ili wewe ukose, mahakama ina nguvu ya kutengua uhamisho uliofanywa kwa nia hiyo, ila aliyenunua kwa nia njema na kwa bei halali analindwa, ndo maana nasema kimbia.

Siku ya kusikilizwa

Kiwango cha ushahidi ni cha madai, sio jinai. Hutakiwi kuthibitisha mpaka shilingi ya mwisho, Mahakama Kuu ilisema mwaka 1984 kwenye Hemed Said dhidi ya Mohamed Mbilu kwamba mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzake ndo anayeshinda. Uzito tu.

Unapomuuliza mwenzio maswali usianze na hasira. Mwache kwanza akiri madogo. Ile siku ya kauntabuku mama aliuliza, "Huu mwandiko ni wa nani?" Mume akaitazama kwa muda mrefu, akasema wangu, lakini nilikuwa namtunzia hesabu mdogo wangu. Mdogo akaitwa. Akaulizwa bajaji zako zinatengenezwa gereji gani, akasema hapo Tandika. Gereji ya nani? Hajui. B3 iliungua nini mwezi wa saba? Hajui. Dereva wa B2 anaitwa nani? Akataja jina la aliyeacha mwaka mmoja nyuma. Ilichukua kama dakika kumi na hakuna aliyepaza sauti.

Ukishapata amri

Omba nakala ya hukumu siku hiyohiyo. Usiporidhika, kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu kwenye mashauri ya ndoa una siku 45, zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Asipolipa, rudi kuomba kukazia hukumu: kwa mwajiriwa, makato kwenye mshahara ndo njia yenye amani zaidi, kwa mfanyabiashara ni kukamata mali. Weka malipo yapite kwenye simu au benki, sio mkononi, ili wote wawili muwe na kumbukumbu.

Na amri ya matunzo sio jiwe. Ikigundulika ilitolewa kwa taarifa za uongo, au hali imebadilika, mahakama inaweza kuirekebisha. Yule mama alirudi ofisini kwetu mwaka wa pili, safari hii hana kanga, ana simu tu. Picha ya bajaji mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye viti, imepaki nje ya nyumba ya mume, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe B4. Tukatoa ile hukumu ya zamani kwenye faili, tukaanza kuandika maombi.